Makabidhiano

Daktari Magesa, keti. Si hapo, hicho kimevunjika mguu
tangu mwaka wa mafuriko, nacho kimo kwenye orodha
kama "kizima." Sahihisha.

Fomu ya halmashauri ina kurasa tisa.
Vitanda arobaini na viwili. Majokofu mawili ya chanjo.
Jenereta moja, ambayo haijapata kuwa nzima
wiki mbili mfululizo. Darubini. Pikipiki.
Weka sahihi kila ukurasa, chini, upande wa kulia.

Sasa yale yasiyotengewa mstari.

Mlango wa chumba cha upasuaji haufunguki kwa nguvu.
Unauinua kidogo, hivi,
kama unavyomwinua mgonjwa wa nyonga,
ndipo ufunguo uzunguke.

Humo ndani, usiku mmoja, umeme ulikatika tumbo liko wazi.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza.
Bugingo, dereva wetu, akakimbia ufukweni
akarudi na wavuvi wanne wa dagaa na taa zao,
wamelowa, wananuka ziwa, wameegemea ukuta
nyuso wamezigeuza pembeni kwa heshima
huku mikono yao ikitumulikia.
Wadudu wa ziwa wakaufuata mwanga.
Sista Nyamizi akawapunga kwa jalada la faili, nami nikashona.
Mtoto alilia. Mvuvi mmoja alilia zaidi.
Wamemwita Karabai. Yuko darasa la sita, mtundu,
akija kukuomba pipi usimpe.

Wewe ulikuja na kundi la tatu la wanafunzi,
shati limepigwa pasi, stethoskopu mpya shingoni
kama tai ya bwana harusi.
Nikakwambia ivue. Ukadhani nimekasirika.
Nilitaka uweke kiganja juu ya tumbo la yule mvulana wa Kome,
uache bandama ije yenyewe
ikuguse vidole kila akivuta pumzi.
Ukasema, "Dokta, sisikii kitu."
Nikasema, subiri.
Ukasubiri. Kisha uso wako!
Kwa ajili ya uso ule nimefundisha miaka ishirini na sita,
posho ikija, isipokuja.

Uongozi sikuusomea. Ulinijia kwa barua
siku ambayo wodi nzima ilikuwa kipindupindu;
nikaikunja mfukoni, ikalowa klorini.
Vikaoni nikajifunza lugha nyingine:
mchakato, bakaa, tutalifanyia kazi.
Nililala Mwanza siku tatu nikipigania dizeli ya boti ya wagonjwa,
nikaipata, lita mia mbili,
nikajipongeza peke yangu hotelini Kirumba, kwa soda.
Huku nyuma, kivuko kimechelewa, jokofu la damu tupu,
Nyanjige mke wa Masalu akafika, akaisha.
O hasi. Kundi langu.
Wa kumtolea nilikuwa mimi.

Hilo usiliandike popote. Au liandike, sijui.
Nimekwenda kwao mara nne.
Masalu hunipa kigoda, hunipa michembe kwenye sahani ya bati,
hatusemi kitu mpaka jua limegeuka.
Mara ya nne alinisindikiza hadi barabarani.

Kesho watakuita mkuu. Utakuta mezani
dokezo la paa, dokezo la choo, mtu wa ukaguzi.
Pita wodini kwanza. Mafaili hayapandi homa.
Na Alhamisi usiwanyime wanafunzi saa yao,
hata mkurugenzi akikungoja nje;
mpe kiti. Si kile.

Mimi sihami. Nimejenga hapo nyuma ya mnada,
nitapanda vitunguu, nitagombana na mbuzi wa jirani.
Damu yangu haijastaafu, ina miaka mitano bado;
namba yangu wameibandika maabara, juu ya jokofu.
Usiku wa manane ni sawa. Usianze kwa kuomba radhi,
anza kwa presha ya mgonjwa.

Haya, shika ufunguo.
Uinue mlango kwanza.
Hapana, kidogo tu.
Hapo.